Kahawa ya Abu Nader: Nilivyokwenda Kuposa Granville

Tangu nirudi sijakaa kibarazani kwangu peke yangu hata jioni moja. Mmoja anauliza Sydney kukoje, mwingine anauliza Waarabu wale walinipa mtoto au walinifukuza, na wewe Bi Saumu unataka kujua nilikula nini huko hata nikarudi na mashavu. Nimesimulia vipandevipande mpaka hadithi imeanza kutembea mtaani bila mimi, na jana nimesikia ati nilimmwagia mtu kahawa. Sikummwagia mtu kahawa. Kaeni niwaambie yote kwa mpango wake, tangu nilipotoka hapa. Habari za viza na tiketi nazipita, hazina ladha.

Wengi mnamjua Idrisa, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea kwa mshahara wangu wa ualimu tangu yuko darasa la pili, baada ya baba yake kufariki na mama yake kuolewa bara. Alipokwenda Australia kusoma kazi ya kupiga picha za eksirei, nilimwambia soma urudi. Akasoma, akapata kazi hospitalini, hakurudi. Kisha akanipigia simu: Shangazi, nimepata mchumba, anaitwa Rima, ni mfamasia, asili yao Palestina, wanakaa Granville. Baba yake hataki posa ya kwenye simu. Anataka mtu mzima wa kwetu aende, akae kwake, aseme kwa kinywa chake. Na mtu mzima wa kwetu aliyebaki ni mimi.

Nami nilikuwa na langu moyoni, siwafichi. Ile nyumba ya pili pale Chumbageni mnayoiona ina bati jipya, nilimjengea yeye. Nikasema nitakwenda, nitaposa, wataoana, halafu nitawavuta wote wawili waje kukaa Tanga. Hospitali si zipo? Maduka ya dawa si yapo? Nilikwenda Sydney kumposea mwanangu mke wa kumrudisha nyumbani. Hilo mlijue mapema, maana ndilo lililonitesa baadaye.

Tanga hadi Doha

Basi la Dar liliharibika Segera, kama kawaida yake, tukala mahindi ya kuchoma mpaka fundi akamaliza. Ndege ya kwenda Doha niliipata nikiwa natweta. Nilikuwa na begi moja la nguo na jingine la zawadi: halua, kashata, doti mbili za kanga, iliki, pilipili manga, na ukwaju mfuko mzima kwa sababu Idrisa alisema anauota usingizini.

Doha tulikwama. Walitangaza ndege ya Sydney imechelewa, wakatangaza tena, kisha wakaacha kutangaza. Tukapewa vikuponi vya chakula, na kilichopatikana kwa vikuponi vile ni mkate wa baridi na kuku asiyekuwa na chumvi. Nilikula nikinung'unika kwa Kiswahili, nikidhani hapana anisikiaye.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo, Mlebanoni anayeishi Sydney, anatoka kumzika dada yake. Maneno yangu hakuyaelewa lakini uso wangu aliuelewa. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa unga wa kijani wenye ufuta, na kichupa cha mafuta ya zeituni alichokinunua palepale uwanjani. Akachovya mkate wangu kwenye mafuta, kisha kwenye unga, akanirudishia. Jamani! Mkate uleule uliokuwa kama kadibodi ukawa chakula. Ukali kidogo, chumvi kidogo, harufu ya majani ya mlimani. Akaniambia huo ndio zaatari, na kwao mtoto haendi kwenye mtihani bila kuula asubuhi.

Nikamweleza kwa Kiingereza ninakokwenda na kwa nini. Akaniuliza watu wa mtoto wanatoka wapi. Nikasema Palestina, kupitia Jordan. Akatikisa kichwa akasema wote hao ni watu wa Shamu, na mtu wa Shamu hujulikana kwa sufuria yake. Mimi jina la Shamu nimelisikia tangu chuoni, nikidhani ni la vitabuni tu. Kumbe ni Lebanoni, Siria, Palestina na Jordan, na bado wanagombania nani alianza kupika nini. Akanipa wasia mmoja: "Nyumbani kwao, chochote ukiwekewa, ule." Alisema kwa nia njema, na mimi nikaushika wasia ule kwa mikono miwili. Mtaona ulivyoniponza.

Doha hadi Blacktown

Safari ya angani ni ndefu mpaka mtu unasahau ulipanda kwenda wapi. Niwaambie tu kwamba nilifika miguu imevimba.

Sydney uwanjani wana adabu lakini hawana mchezo na vyakula. Nilitangaza kila kitu kama Idrisa alivyonisihi. Binti wa pale akafungua begi la zawadi, akanusa iliki, akageuza halua juu chini, akaniuliza imetengenezwa na nini. Nikamweleza wanga, sukari, samli na mkono wa mpishi. Akacheka akaipitisha. Ukwaju ulikuwa na mbegu, ukabaki. Nilimwambia Idrisa habari hiyo kabla hata ya salamu, na uso wake ulivyoshuka nikajua bado ni mtoto wangu yuleyule.

Idrisa anakaa Blacktown, ghorofa ya pili, karibu na stesheni. Mtaa wenyewe umejaa watu wetu: Wasudani, Wakongo, Waghana, maduka ya unga wa muhogo, makanisa ya kila namna. Mlango wa kuangaliana naye anakaa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anayefanya kazi ya kulea wazee. Mwili mkubwa, moyo mkubwa, sauti ndiyo usiseme. Watoto wake wawili unawasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, naye anawasuta kwa Kifaransa.

Usiku ule ule tulipanga. Kwetu mnajua muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe, atakaa nyumbani atafune kucha. Mimi ningekuwa msemaji, na asiende msemaji peke yake kama mdai, ilibidi nipate wa kunisindikiza. Mama Furaha akajitolea kabla sijamaliza sentensi.

"Mimi nitaenda na weye, Mama Mwalimu," akasema. "Lakini iko lazima tukule kwanza chakula ya hawa watu, tuizoee. Mtu akishangalia sahani ya wenyewe, inaonekana mbaya."

Niliona ana akili.

Granville, kabla ya posa

Tulipanda treni hadi Granville. Si mji wa kupiga picha: gereji, maduka madogo, watu wanavuka barabara na mifuko. Lakini ukishuka tu, harufu ya mkaa inakupokea. Ninyi msiotembea, mkisafiri siku moja, msiende kule mjini kwenye mikahawa yenye vitambaa mezani. Nendeni Granville, na Merrylands hapo jirani, mle wanakokula wenyewe.

Asubuhi nenda kwenye tanuri la mikate. Kuna moja karibu na stesheni, halina hata viti vya maana. Wanatandaza unga mbichi, wanaupaka ule zaatari na mafuta, wanausukumia motoni, unatoka ukiwa moto, wanaukunja kwenye karatasi unakula umesimama. Wanauita manakishi. Nilikula mmoja kwa ustaarabu na wa pili bila ustaarabu.

Mchana tukaingia kwa wachoma kuku. Kuku wao hupasuliwa akalazwa juu ya mkaa, akaletwa na mkate, kachumbari ya figili za rangi ya waridi, na bakuli la kitu cheupe laini kama malai. Mimi nikajua ni malai. Nikachota kijiko kizima nikakitia kinywani. Lo! Kitunguu saumu kitupu, kimepondwa na mafuta mpaka kikasimama! Machozi yakanitoka, Mama Furaha akanipiga mgongoni, na mchoma kuku akaja mbio na maji akiniomba radhi kwa kosa ambalo ni langu. Inachovywa ncha tu, basi. Baada ya hapo nilimaliza bakuli, ila kwa ncha.

Kisha wakaleta majani ya kotmiri ya kizungu yaliyokatwakatwa na nyanya, limau na punje za ngano. Tukakaa tukingoja chakula chenyewe kiletwe juu ya majani yale. Hakikuletwa. Majani ndiyo chakula, yanaitwa tabule, na baada ya ule mkaa yanakupoza kinywa vizuri sana. Kuna na kibe, kama katlesi iliyochongoka ncha mbili, ndani nyama na njugu. Hiyo ya kukaanga ni tamu. Ipo na ya nyama mbichi. Mama Furaha aliiangalia akasema huko Bukavu hajakimbia vita vyote vile aje afe kwa nyama mbichi, tukaiacha.

Nilirudi Blacktown nimeshiba na nimejaa ujasiri. Nikamwambia Idrisa, watu hawa si wageni kwetu. Wanapika kwa iliki, wanakula kwa mkono, wanakaribisha. Posa hii kesho tu imekwisha.

Nyumbani kwa Abu Nader

Nyumba yao ni ya matofali, mbele wamepanda mizeituni miwili. Baba yake Rima huitwa Abu Nader kwa jina la mwanawe mkubwa. Ni fundi wa vigae, mrefu, mabega kama kabati, anaongea taratibu. Mkewe, Um Nader, yaani mama Nader, mfupi na mwepesi, macho hayatulii. Kiingereza wote tunakijua, wao cha Sydney na mimi cha ubaoni, tulielewana. Mtoto mwenyewe, Rima, alikuja akanibusu mkono, akaondoka. Nikampenda papo hapo.

Tukakalishwa kwenye makochi yaliyozunguka ukuta. Abu Nader akaleta dele la kahawa yeye mwenyewe na kikombe kidogo kisicho na mkono, kilekile cha kwetu. Harufu ya iliki ikajaa chumba. Akamimina, akanipa mimi kwanza, mkubwa wa wageni. Akabaki amesimama ananitazama. Mkewe mlangoni akanitazama.

Nikadhani ni heshima. Sasa ninyi niambieni, mtu wa Tanga akipewa kahawa nyumba ya watu afanye nini? Kuiacha ni kuwaambia unawaogopa, au unawadharau. Na kahawa chungu mimi nimekunywa tangu sijaota meno. Nikapokea kwa mkono wa kulia, nikanywa, nikashukuru Mungu, nikarudisha kikombe na kuomba kingine kuonyesha imenipendeza.

Uso wa Abu Nader ukakunjuka ukawa mwingine. Akacheka, akamimina tena, akamkaribisha Mama Furaha, akaketi kwa raha akanyoosha miguu. Mimi nikajisifu moyoni, nimeshamshika huyu. Mkewe mlangoni hakucheka. Niliona, sikujali.

Nikaanza maneno yangu ya kuzunguka, kama desturi, habari za bustani na ua zuri linalotafutiwa mwenyewe. Akanikatiza kwa upole kwamba chakula tayari. Likaja sinia la kuku juu ya mikate mipana iliyolowa mafuta ya zeituni, vitunguu vimepikwa mpaka vikalainika, rangi ya zambarau, na ukali fulani wa unga mwekundu uitwao sumaki. Wanakiita musakhani. Wallahi, mkate wa chini ulioshika mchuzi wote ule ni mtamu kuliko kuku. Tukala. Nikafungua tena kinywa kusema lililonileta, akaniongezea paja. Nikafungua tena, zikaja tende. Kila nikiinua neno ananiwekea kitu. Mwisho alitusindikiza hadi getini, akanipa chupa ya zeituni, akasema nimewaheshimu sana kwa kuwatembelea na niwasalimie watu wa Tanga.

Kwenye treni Mama Furaha akaniuliza, "Sasa bamekubali?"

Nikamwambia, wametulisha.

Idrisa alikuwa amesimama mlangoni. Hata sijavua viatu simu yake ikalia, alikuwa Rima, analia. Baba yake amemwambia watu wa Idrisa ni watu wema, wamekuja wakasalimia, wakala, wakaondoka. Hawakuwa na haja yoyote. Na akasema kwa hiyo jambo hilo limekwisha, lisizungumzwe tena nyumbani kwake.

Nilipandwa na hasira. Mimi niliyevuka bahari, nisiwe na haja? Idrisa alikaa kitandani ameinamisha kichwa, hakunilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku zangu za kuondoka zilikuwa zimekaribia. Nikamwambia alale, siondoki nchi hii bila jibu. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Granville, kwenye kunafa

Siku ya pili yake Um Nader akampigia Idrisa simu, ati anataka kunipeleka kununua vitu vitamu vya kubeba Tanga. Nikajua hakuna mtu anayemwita mwenzake kwa peremende tu. Nikaenda peke yangu.

Tulikutana kwenye duka la vitamu, meza za marumaru, masinia makubwa nyuma ya kioo. Akaagiza kunafa bila kuniuliza. Ni jibini, ndiyo, jibini, limefunikwa tambi nyembamba za rangi ya machungwa, limeokwa, likamwagiwa shira ya moto. Nilimtazama kama anayenitania. Jibini na shira! Nikaonja ili nisimwudhi. Basi ndugu zangu, nikinyamaza katikati ya maneno siku hizi, mjue naikumbuka ile kunafa.

Aliniacha nimalize nusu, kisha akaniuliza kwetu mtu akienda kuposa anapewa nini. Nikasema chochote kilichopo, na anakula. Akafumba macho, akaegemea kiti. Akasema alijua tu. Mumewe amemwambia wageni hawakuwa na haja, naye akamjibu kwamba wageni hawakujua.

Akanieleza. Kwao watu wakija na haja kubwa, posa, au kuomba suluhu ya damu, mkubwa wao hupewa kahawa mbele ya wote. Haigusi. Anaiweka chini, na kikombe kile kikikaa pale ndipo anasema: nina jambo kwako, na sinywi mpaka unipe. Mwenye nyumba ataona aibu kahawa yake kupoa mbele ya mgeni. Ndipo atajibu. Akikubali atasema kunywa. Lakini anayeinywa mara tu anapopewa, huyo ametangaza kwamba amekuja kutembea tu.

"Na wewe ukaomba cha pili," akasema.

Nilifunika uso kwa mikono miwili. Nilicheka, na nililia, mbele ya kunafa ya watu. Nikamuuliza, mumewe si mtu mzima, hakuona kwamba sisi ni Waafrika, hatujui? Um Nader akazungusha uma wake kwenye shira kabla ya kujibu.

"Aliona," akasema. "Alipokuona unakunywa alimshukuru Mungu. Hataki kumtoa Rima, na hataki kukuambia hapana usoni. Wewe ulimsaidia."

Hasira yangu ikabadilika ikawa kitu kingine, cha baridi, chenye miguu ya kurudi kwake. Nikamwambia amwambie mumewe kwamba Jumamosi ninakuja tena. Mgeni hafukuzwi kwao wala kwetu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. Sikuweza kumtafsiria vizuri, lakini alinishika mkono.

Kurudi kwa Abu Nader

Jumamosi nilivaa baibui langu jipya. Mama Furaha nilimwonya tangu kwenye treni kwamba akigusa kitu kabla yangu hatutasemezana mpaka kiyama.

Harufu ilitupokea mlangoni: wali, mdalasini, biringani za kukaanga. Um Nader alikuwa anapika makluba, chungu kizima cha nyama, biringani na wali, ambacho hupinduliwa juu ya sinia mbele ya wageni kikasimama kama ngome. Sikuwa nimekula tangu jana, kwa wasiwasi. Tumbo likanguruma na nadhani wote walisikia.

Abu Nader alikuwa na adabu ileile na uso uleule wa raha. Akamimina kahawa. Akanipa. Nikapokea kwa mkono wa kulia, nikasema bismillahi, nikaiweka juu ya meza ndogo mbele yangu. Nikakunja mikono.

Raha ikamtoka usoni. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari.

Tulikaa. Mama Furaha alikishika kikombe chake kwa vidole viwili, nikamkata jicho, akakiweka. Um Nader akapita akisema wali ukikaa sana chunguni utashika chini. Mvuke wa kahawa ulipungua, ukaisha.

"Kahawa yako inapoa, Mwalimu," akasema.

"Iache ipoe."

Basi nikasema. Safari hii sikuzunguka bustanini wala sikutaja ua. Nikasema nimekuja kwa ajili ya Rima kwa Idrisa, mtoto wa kaka yangu ambaye ni mtoto wangu, na kwamba nikiambiwa hapana nitaondoka kwa heshima, lakini hapana yenyewe niisikie kwa masikio yangu.

Abu Nader akainamisha kichwa akatazama mikono yake mikubwa. Nilitegemea aseme rangi, nilitegemea aseme kabila, na majibu nilikuwa nimeyanoa. Hakusema hayo. Alisema baba yake alitolewa kwao akiwa mtoto, akafa Jordan. Yeye amezaliwa Jordan, akaja huku kutandika vigae. Mama yake amezikwa nchi moja, baba yake nchi nyingine, ndugu zake hajui watazikwa wapi. Hata Nader alizaliwa Jordan; Rima ndiye wa kwanza kwao kuzaliwa na kukua mahali pamoja.

"Idrisa ni kijana mzuri," akasema. "Lakini Rima ameniambia una nyumba umemjengea kwenu. Utawaita, na wataenda, kwa sababu wewe ni mtu anayeitwa akaja na anayeita akaitikiwa. Nami nitabaki na wajukuu wa kwenye simu."

Jamani, sikumkatalia. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu huyu hanijui, na ameisoma nia yangu yote kama iliyoandikwa ukutani. Ningeweza kumwambia Mungu ndiye ajuaye, au hayo tutayaona mbele. Sisi hatukosi maneno ya kuteleza. Nikaifikiria ile nyumba ya Chumbageni, chumba cha upande wa mashariki nilichokipaka rangi mimi mwenyewe. Nikamwona Idrisa alivyokaa kitandani usiku ule. Mama Furaha akaniwekea mkono begani.

"Abu Nader," nikasema, "sikuja kuchukua mtoto wako. Nimekuja kuacha wangu."

Hakuelewa, au hakuamini. Nikaendelea kabla sijabadili mawazo. Nikamwambia Idrisa atakaa hapa. Nyumba ile nitaipangisha. Watoto wao watazaliwa hapa, watasoma hapa, watakula zaatari asubuhi kwenye meza hii, na sitawaita. "Wajukuu wa kwenye simu watakuwa wangu mimi," nikasema.

Abu Nader aliinua kichwa. Akajifuta macho kwa kiganja chake chenye magaga ya saruji. Kisha akakisogeza kikombe kile mbele yangu, taratibu, kwa vidole viwili.

"Kunywa kahawa yako, Um Idrisa."

Niliinywa. Ilikuwa ya baridi, chungu kama shubiri, lakini niliinywa yote mpaka machicha. Um Nader akapiga kigelegele jikoni, na Mama Furaha akajibu cha Bukavu, jirani wakachungulia. Makluba ikapinduliwa. Wali ulikuwa umeshika chini kweli, ukatoka na ukoko wa dhahabu, na Abu Nader akanimegea ukoko wote akaniwekea sahanini mwangu. Mwuliza mashavu, Bi Saumu, jibu lako ni hilo.

Uwanja wa ndege

Siku ya kuondoka Idrisa aliomba ruhusa kazini akanisindikiza. Njiani alisema mengi: harusi itakuwa baada ya Ramadhani, Abu Nader mwenyewe ataweka vigae kwenye nyumba watakayopanga, Rima anataka kujifunza kusonga halua. Hakuniuliza niliahidi nini. Nadhani Rima alikuwa ameshamwambia, kwa sababu alinishika mkono njia nzima kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara ya sokoni.

Tulifika kwenye mstari ambao asiyesafiri hapiti. Akanikumbatia, akanirekebishia mtandio begani. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpokea mlangoni, akitoka shule, akitoka bweni, akija likizo, namwambia karibu mwanangu.

"Karibu tena, Shangazi," akasema.

Nikamjibu kama mgeni anavyomjibu mwenyeji wake.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshakaribia."